Mafungu manne kwenye mimea mia: kisa cha mahindi na choroko ufukweni mwa Ziwa Victoria

Usuli

Kisa hiki kilitokea katika kata moja ya mkoa wa Mwanza, kwenye ukanda unaopakana na Ghuba ya Speke. Majina ya watu, kijiji na kikundi nimeyaondoa. Mkulima aliye katikati ya kisa nitamwita Mama N. Mimi nilikuwa afisa ugani wa kata, na kosa kubwa lililofanyika ni langu. Nakiandika kwa ajili ya maafisa ugani wenzangu na viongozi wa vikundi, kwa sababu kosa hilohilo nimeliona likirudiwa kwingine, na kila mara mkulima ndiye anayelilipia.

Kikundi kilikuwa na wanawake 14. Kila mmoja alilima kati ya nusu eka na eka moja ya mahindi kwenye luseni, ule udongo wa kichanga unaoteremka kutoka kwenye miamba hadi karibu na maji, na wengi walipanda choroko pembeni. Zaidi ya nusu yao walikuwa pia na shughuli ya dagaa. Usiku wa giza, mwezi usipoonekana, mitumbwi inaingia ziwani na taa, na kukipambazuka wanawake wako mwaloni wakinunua na kuanika. Naomba msomaji asilisahau hili la dagaa.

Mdudu aliyeshambulia mahindi hayo ni kiwavijeshi vamizi, mtoto wa nondo. Alitambuliwa barani Afrika kwa mara ya kwanza mwaka 2016, akitokea mabara ya Amerika, na mwaka 2017 alikuwa ameshathibitishwa Tanzania. Wazee wa huku walimjua kiwavijeshi mwingine, yule wa zamani anayekuja kwa makundi makubwa, anakomba nyasi na nafaka, kisha anatoweka. Huyu mpya anabaki, na hatembei kwa jeshi kama jina lake linavyodai. Anaanza maisha kwenye umati na kuyamaliza peke yake, ndani ya moyo wa mmea mmoja. Sikuelewa maana ya tabia hiyo hadi iliponigharimu.

Kilichotokea

Katikati ya Novemba, mahindi ya vuli yakiwa na wiki tatu tangu kuota, Mama N. alinipigia simu. "Mwanangu, njoo uone, mahindi yangu yameshika ukungu." Alikuwa anafikiria kununua dawa ya ukungu siku hiyohiyo.

Nilimkuta shambani ameinamisha jani kwa mkono wa kushoto ili nilione upande wa chini. Palikuwa na kidoa kisichofikia ukubwa wa kucha ya kidole gumba, rangi ya majivu, chenye manyoya laini kama pamba iliyong'ang'ania nguo. Ukikitazama umesimama, ni ukungu kweli. Nilikikwangua taratibu kwa ncha ya kisu. Manyoya yalitoka, na chini yake yakaonekana mayai yaliyopangwa yakabanana, kila moja dogo kuliko punje ya ulezi, meupe yenye ukijani kwa mbali. Pembeni yalikuwa safu moja, katikati yalipandana safu mbili. Mama N. alivaa miwani, akatazama kwa muda mrefu, akauliza: "Yote haya ya mama mmoja?"

Ndiyo, ya mama mmoja, tena kwa usiku mmoja. Nondo jike hutaga mafungu kadhaa, kila moja likiwa kwa kawaida na mayai 100 hadi 200, na katika maisha yake yasiyozidi wiki mbili au tatu anaweza kufikisha mayai 1,500 na zaidi. Manyoya yale huyatoa kwenye tumbo lake mwenyewe na kuyafunika mayai.

Tulikagua shamba kama nilivyofundishwa: tulitembea kwa umbo la herufi W, tukasimama mahali patano, na kila mahali tukachunguza mimea 20. Katika mimea 100 tulikuta mafungu manne ya mayai na mimea mitatu yenye majani yaliyokwanguliwa. Nikaandika kwenye daftari: mimea 7 kati ya 100. Mwongozo tuliokuwa tunautumia ulisema kwamba kwa mahindi ya umri ule, hatua za dawa zianze mimea iliyoshambuliwa ikikaribia 20 kwa 100. Nikamwambia Mama N. asubiri, nitarudi wiki ijayo. Mafungu matatu tuliyaponda. La nne nililichukua na kipande chake cha jani, nikalitia kwenye chupa ya jemu na kufunika kwa kitambaa chepesi, nikiwa na nia ya kuwaonyesha wanakikundi siku ya mkutano.

Wiki iliyofuata nilichelewa kwa kazi nyingine ya kata. Nilirudi siku ya kumi.

Shamba lilikuwa na viraka. Mahali pengine mahindi yalisimama safi kabisa, na hatua sita mbele ukikuta mviringo wa mimea ambayo yote ilikuwa na matundu, majani yamechanika, na moyo umejaa kinyesi kinachofanana na maranda ya mbao yaliyolowa. Viraka vilikuwa vimerefuka upande wa nchi kavu. Huku kwetu mchana upepo huvuma kutoka ziwani kwenda bara, na tulipofuata kirefu cha kiraka kimoja kurudi upande wa ziwa, Mama N. aliokota jani lenye alama ya fungu la mayai lililokwisha kuanguliwa. Tukahesabu tena: mimea 46 kati ya 100.

Hakunilaumu. Alisema tu, "Bwana shamba, ulisema saba." Nilimjibu kwamba nilikosea, na kwamba tutatafuta pamoja nilipokosea.

Kilichotokea kwenye chupa

Chupa ndiyo iliyonifundisha, kwa hiyo naieleza kwa kirefu.

Siku ya pili mayai yalianza kuwa meusi, na usiku wa kuamkia siku ya tatu yaliangua. Vitoto vilikuwa na vichwa vyeusi na miili myeupe, vidogo kiasi cha kupita kwenye nafasi za kitambaa cha kwanza, ikabidi nikibadilishe. Kwanza vilikula maganda ya mayai yao. Kisha, badala ya kutulia kwenye jani, vilianza kupanda juu ya kioo. Nilipotikisa chupa, kadhaa viliachia na kubaki vinaning'inia kwa uzi wa hariri mwembamba, vinapepea kwa pumzi yangu tu. Nilivihesabu kwa brashi iliyoloweshwa juu ya karatasi nyeupe: 137.

Niliendelea kuweka majani mapya kila siku. Siku ya tisa walibaki 11. Siku ya kumi na mbili walikuwa watatu, wanene, kila mmoja amejificha kwenye mkunjo wake wa jani. Njaa haikuwaua, maana majani yalikuwepo. Walikulana. Kiwavi huyu akishakua kidogo hamvumilii mwenzake aliye karibu, ndiyo sababu kwenye moyo wa mmea uliokwisha kuharibiwa huwa unamkuta mmoja, mara chache wawili.

Maamuzi na sababu zake

Mwenyekiti wa kikundi alitaka mashamba yote 14 yapigwe dawa mara moja. Nilimwelewa, lakini sikukubaliana naye. Mashamba manane yalikuwa na uharibifu mdogo, fedha ya kikundi ilitosha duru moja tu, na dawa ya kumwaga kila mahali ingeua pia nyigu wadogo, sisimizi na buibui wanaowapunguza viwavi bila malipo. Tuliamua kupiga viraka tu, jioni, wakati viwavi wanatoka kula, na kuielekeza dawa kwenye moyo wa mmea. Pale ambapo viwavi walikuwa wameshakuwa wakubwa na kujichimbia, tulitumia vidole na mchanga. Luseni ipo tele, na kiwavi aliyefukiwa moyoni kwa mchanga mkavu hufa au hutoka nje.

Uamuzi wa pili ulihusu siku za ukaguzi. Kwa joto la Mwanza mayai haya huangua ndani ya siku mbili hadi tatu. Anayekagua kila baada ya siku saba anaweza kupitwa na mafungu yaliyotagwa na kuanguliwa yote kati ya ziara mbili, na atajiona mwangalifu. Kwa wiki tano za mwanzo tukapanga ukaguzi wa siku moja baada ya nyingine, yaani leo unakagua na kesho unaruka, asubuhi, kwa kuponda kila fungu linaloonekana.

La tatu nililiwekea mkazo kuliko yote. Ukikuta fungu lililokwisha kuangua, usiishie kwenye mmea huo. Chunguza mimea yote inayouzunguka kwa hatua mbili, na upande wa bara nenda hatua nne. Alama ya kutafuta ni vidirisha: sehemu ndogo ambazo kiwavi mchanga amekwangua nyama ya jani na kuacha utando unaopitisha mwanga.

Matokeo

Mama N. alivuna magunia 5 katika eka ambayo kwa msimu wa kawaida humpa 8. Mashamba mengine yaliumia kidogo kuliko tulivyohofia, kwa sababu mhindi ulioliwa majani mapema mara nyingi hujirudi mvua ikiendelea.

Msimu uliofuata tulianza ukaguzi wa siku moja baada ya nyingine tangu mahindi yalipoota. Kwa wanawake saba ulifanya kazi vizuri, na watano kati yao hawakununua dawa kabisa. Kwa waliobaki ulikwama, na uvivu haukuwa sababu. Kwenye siku za giza, dagaa wanapotoka kwa wingi, saa za kukagua shamba ndizo saa za kuwa mwaloni. Fungu lililotagwa Jumatatu usiku linaangua Alhamisi, na mwenye shamba bado anageuza dagaa. Mpango wangu haukuwa umehesabu mwezi. Baadaye walijipanga wawili wawili, asiye na dagaa siku hiyo akikagua mashamba mawili, na mambo yakaenda afadhali.

Kisha likaja pigo ambalo hakuna aliyelitarajia, kutoka kwenye choroko. Wanakikundi walikuwa wamejifunza kutafuta mafungu, na wakawa hodari. Walipovuna choroko waligeuza maganda, wakatafuta vidoa vya manyoya, hawakuona kitu, wakajaza kwenye viroba na kuweka ndani kusubiri bei. Baada ya kama miezi miwili viroba vikawa na vumbi, na choroko zina matundu ya mviringo, safi kama yaliyotobolewa na keekee. Mama N. aliniletea konzi moja kwenye kanga. Tulizimwaga kwenye ungo, na kwenye mbegu ambazo hazijatoboka tukaviona: vitone vyeupe vilivyogandishwa juu ya ganda, na kwenye mbegu nyingi kitone kimoja tu.

"Hawa hawatagi fungu," alisema.

Uchambuzi: kwa nini mmoja anataga 150 pamoja na mwingine moja moja

Maneno hayo ya Mama N. yanaleta swali lililowashughulisha wanabayolojia kwa miaka mingi. Mwaka 1947 Mwingereza David Lack, akichunguza ndege, alitoa hoja kwamba idadi ya mayai kwenye kiota huelekea ile inayompa mzazi watoto wengi zaidi watakaonusurika, na kwamba mayai mengi zaidi ya hapo yanageuka hasara kwa sababu chakula hakiwatoshi wote. Baadaye hoja hiyo ilihamishiwa kwa wadudu, hasa nyigu wanaotaga ndani ya miili ya wadudu wengine, na huko ilibidi ipanuliwe. Ndege hulisha makinda. Mdudu hutaga akaondoka, kwa hiyo mahali anapotaga ndiyo malezi yote anayoweza kutoa.

Fukusi wa choroko ni mfano ulio wazi. Mtoto wake anatoboa ganda chini ya yai na kuingia ndani ya mbegu, na hawezi kuhamia mbegu nyingine mpaka awe mdudu kamili. Mbegu moja ndicho chakula chake chote. Choroko ni ndogo na haiwatoshi wengi, kwa hiyo kila yai linaloongezwa juu yake linapunguza nafasi ya lililotangulia. Jike hukagua mbegu kabla ya kutaga na huepuka ile yenye yai ikiwa nyingine tupu zipo. Zikiisha tupu, ndipo anarudia. Kwa mkulima maana yake ni kwamba choroko zenye yai moja moja ni ghala lililo mwanzoni mwa shida, na ukiona mbegu nyingi zenye mayai mawili, matatu, ujue nafasi zimeshajaa na kizazi kinachofuata ni kikubwa. Kwa joto letu kizazi kimoja huchukua karibu mwezi.

Kiwavijeshi vamizi anaonekana kuivunja hoja ya Lack. Moyo wa mhindi mmoja unamlea kiwavi mmoja, wawili kwa shida, na bado mama anaweka 150 kwenye jani moja. Ukiishia kwenye mmea utamwona mama asiyejua hesabu. Lakini uzi ule niliouona kwenye chupa unabadilisha picha. Siku za mwanzo watoto hawa husafiri kwa upepo na kwa kutambaa, hivyo chakula chao ni mimea yote inayofikika kwa uzi, na shamba la mahindi yaliyopandwa karibu karibu ni sahani moja kubwa. Fungu linaanzia kwenye mmea mmoja, lakini limekusudiwa kwa kiraka kizima.

Zipo faida nyingine za kutaga pamoja, na sidhani kwamba mojawapo inatosha peke yake. Nondo huyu anaishi wiki mbili au tatu tu na huruka usiku, saa za popo, hivyo kutua mara kumi ni salama kuliko kutua mara elfu. Mayai yakipandana safu na kufunikwa manyoya, nyigu wadogo wanaotaga ndani ya mayai hupata shida kuyafikia ya ndani. Gharama ipo pia: anayelipata fungu analipata lote, awe ni sisimizi au kidole cha mkulima.

Ukubwa wa fungu si namba moja isiyobadilika, nalo hili huwachanganya wakaguzi wageni. Nondo aliyezeeka hutoa mafungu madogo yenye manyoya haba. Fungu la mayai 40 lisilo na manyoya ya kutosha si lazima liwe la mdudu mwingine.

Tusidanganyike pia kwamba wadudu wa familia moja hufanana. Funza wa vitumba, ambaye wakulima wa pamba wa Usukuma wanamjua vizuri, ni jamaa wa karibu wa kiwavijeshi, anaweza kutaga mayai zaidi ya elfu moja, na huyatawanya moja moja kwenye sehemu changa za mmea. Mtoto wake anaingia kwenye kitumba na kula humo, naye pia hula wenzake. Mayai ni mengi kama ya binamu yake, hatari za usiku ni zilezile, lakini namna ya kutaga ni tofauti kwa sababu watoto wanaanza maisha tofauti. Hata mbu wa kwetu wamegawanyika hivyo. Kuleksi hutaga mashua ya mayai 100 hadi 300 yaliyoshikana, yanayoelea kwenye maji machafu, na Anofelesi, anayeeneza malaria, huyaacha moja moja juu ya maji.

Nini kilifanya kazi, nini kilishindwa

Kosa langu sasa linaelezeka kwa hesabu. Kizingiti cha mimea 20 kwa 100 kimewekwa kwa mimea iliyoshambuliwa. Mimi nilichukua fungu moja la mayai nikalihesabu kama mmea mmoja ulioshambuliwa, nikajumlisha manne na matatu kana kwamba ni vitu vya aina moja. Mafungu manne kwenye mimea 100, kila moja likiwa na mayai yapata 150, ni mayai 600, yaani sita kwa kila mmea. Eka ya Mama N., kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 30, ilikuwa na mimea karibu 18,000. Hata kama tisa kati ya kumi wangekufa kwa mvua, upepo na kulana, bado walibaki wa kutosha kuliumiza zaidi ya nusu ya shamba. Namba hizo zote nilikuwa nazo siku ya kwanza.

Wastani nao ulinipotosha. Mdudu anayetaga kwa mafungu hujipanga kwa viraka, na sehemu tano za ukaguzi zinaweza kuangukia palipo safi. Baadaye tuliongeza sehemu hadi nane na kupunguza mimea ya kila sehemu, kazi ikabaki karibu ileile.

Kuponda mafungu kulifanikiwa kwa sababu kulifuata umbo la mdudu: mahali pamoja, mayai mengi, manyoya yanayoonekana kwa jicho. Niliwafundisha mbinu bila kuwafundisha sababu yake, na ndiyo maana ilihamishiwa kwenye choroko ambako haikuwa na maana. Kwa yai moja moja lililogandishwa kwenye maelfu ya mbegu, kidole hakina kazi. Kinachosaidia ni kuvuna maganda yakikauka bila kuyaacha shambani, kuanika vizuri, kisha kufunga mara moja kwenye mifuko ya kinga njaa ili fukusi aliyekwisha kuingia akose hewa.

Daftari la kikundi sasa lina safu mbili ambazo halikuwa nazo. Ya kwanza ni ya mafungu ya mayai peke yake, yametenganishwa na mimea iliyoliwa. Ya pili inaonyesha tarehe za giza kwa mwezi ule na jina la atakayekagua shamba la mwenzake. Mama N. ndiye anayelitunza, na juu ya ukurasa wa choroko amebandika kwa gundi mbegu tano zenye kitone cheupe, ili wageni wa kikundi waone wanachotafuta.